Je, Wajua? Funga Kitabu Ukumbuke
Je, wajua kuwa maneno ya Kiswahili yalitumika kuchunguza kumbukumbu za wanafunzi Marekani? Mwaka 2008, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Wanafunzi walipewa maneno 40 ya Kiswahili, likiwemo “mashua”, wajifunze maana zake kwa Kiingereza. Baada ya wiki moja, walioendelea kujipima walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Waliorudia kusoma bila kuendelea kujipima walikumbuka chini ya nusu ya kiasi hicho. Mbinu ya kujipima si ngeni Lamu: katika vyuo vya Kurani, mwanafunzi hudurusu, kisha humsomea mwalimu kwa ghaibu. Nawe ukidurusu, funga kitabu ujiulize maswali.