Sotoka ya Mbuzi na Ushahidi wa Maabara

Katika nchi ya Machakos, tangu milima ya Iveti na Mua hadi nyanda kame za Yatta na Masinga, mbuzi ni mali ambayo mtu huikimbilia dhiki inapobisha hodi: ndiye huuzwa ili karo ya mtoto ipatikane, ndiye huchinjwa mgeni wa heshima afikapo, na katika mila ya Wakamba mbuzi wa ntheo ndio huithibitisha ndoa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Maradhi yaingiapo zizini huigusa aila nzima, na mfugaji, kwa haraka ya kuokoa alichonacho, huenda kwenye duka la dawa za mifugo, akaeleza kwamba mbuzi wake wanatokwa na kamasi, wanakohoa na kuhara, akauziwa chupa ya antibayotiki na sindano, kisha akarudi nyumbani kutibu maradhi ambayo jina lake hakuna aliyelithibitisha. Nasadiki kwamba sehemu kubwa ya hasara huzaliwa katika muda huo uliopo kati ya dalili ya kwanza na jina la maradhi. Na nasadiki pia kwamba kazi ya maabara huanzia papo hapo zizini, mikononi mwa yule anayechukua sampuli, kabla chombo chochote hakijaguswa na mtaalamu.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini macho ya mfugaji mzoefu yasitoshe. Atazame basi jinsi sotoka ya mbuzi na kondoo inavyojidhihirisha. Siku chache baada ya kuambukizwa, homa hupanda hadi nyuzi 40 au 41. Kamasi nyepesi huchuruzika, kisha huwa nzito na kuziba pua. Macho hushikana kwa tongo. Utando wa fizi na wa ulimi hufa na kuacha vidonda vinavyonuka. Halafu huja kukohoa na kuhara, na majike wenye mimba huitupa. Katika kundi ambalo halijapata kinga, zaidi ya nusu yaweza kuteketea. Walakini homa ya mapafu ya mbuzi nayo huleta homa kali, kikohozi na kamasi, ilhali kisababishi chake si virusi hata kidogo, ni kijidudu cha jamii ya bakteria kisicho na ukuta wa seli, ambacho MacOwan na Minette walikitenga hapa hapa Kenya na kukitangaza mwaka 1976 kwa alama ya F38. Maradhi yaitwayo kwa jina la Nairobi, yaliyoelezwa na Montgomery mwaka 1917, huenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, nayo humharisha kondoo hata akaisha nguvu. Ndui ya kondoo na mbuzi huota vinundu ngozini, na ukurutu wa midomo, uletwao na kirusi kingine cha jamii ya ndui, huacha magamba pembezoni mwa kinywa ambayo kwa mtazamaji wa mbali yafanana na vidonda vya sotoka. Antibayotiki yaweza kumwokoa mgonjwa wa homa ya mapafu akiwahiwa. Kwa sotoka haiui kirusi, na faida yake ni kuzuia vijidudu vingine tu vinavyoparamia mwili uliokwisha kudhoofika. Basi mtu aliyekosea jina amekosea dawa, na wakati yeye anangojea nafuu, jirani zake wanaendelea kuchunga pamoja naye.

Sotoka hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 huko Kodivaa, Afrika ya Magharibi. Kwetu ilithibitishwa Turkana kuanzia mwaka 2006, ikaonekana Karamoja ya Uganda mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikabainika kaskazini mwa Tanzania. Kirusi chake ni ndugu wa kile cha sotoka ya ng'ombe na wa kile cha surua ya watoto wetu. Sotoka ya ng'ombe, iliyofagia mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ilishindwa kwa chanjo ambayo Walter Plowright na wenzake waliifanyia kazi Muguga, karibu na Nairobi. Kisa chake cha mwisho kilichothibitishwa duniani kilikuwa cha nyati katika Mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba maradhi hayo yamekwisha. Ni fahari kubwa kwa nchi hii kwamba mwanzo wa dawa na mwisho wa maradhi vyote vilipita katika ardhi yake, nami sioni sababu ya kudhani kwamba sotoka ya mbuzi imeumbwa isishindike.

Sasa turudi zizini. Daktari wa mifugo anayejua kazi yake hamwendei yule mbuzi aliyelala chini akikaribia kufa, ijapokuwa mwenye mali ndiye humwonyesha kwanza kwa uchungu. Humtafuta yule mwenye homa kali ambaye bado anasimama, macho yakitokwa machozi maangavu na kuhara hakujaanza, kwani ndipo kirusi kinapokuwa kingi katika kamasi na machozi. Mtu mmoja humshika mnyama na kumwinua kichwa. Daktari huingiza kijiti chenye pamba chini ya kope, akakizungusha taratibu. Kingine huingia puani, cha tatu husuguliwa kwenye fizi. Kila kimoja hukatwa na kudondoshwa katika kichupa chenye maji maalumu ya kuhifadhia virusi. Damu huvutwa katika mshipa wa shingo na kutiwa katika mirija miwili, mmoja wenye dawa ya kuizuia isigande, mwingine mtupu ili igande na seramu ijitenge juu. Akiwapo mnyama aliyekufa punde, huchukuliwa vipande vya pafu, vya wengu, na vya tezi za kifuani na za utumbo, kwa mafungu mawili: fungu moja huwekwa katika barafu kwa ajili ya kutafuta kirusi, la pili hutiwa katika fomalini ili tishu zichunguzwe kwa darubini. Glavu hubadilishwa kutoka mnyama hadi mnyama. Kila kichupa huandikwa kwa wino usiofutika, na karatasi inayofuatana nacho hutaja kijiji, umri, idadi ya waliougua na waliokufa, na tarehe ya chanjo ya mwisho.

Hadhari yote hii ina sababu. Kirusi cha sotoka ni dhaifu nje ya mwili. Jua, joto na ukavu hukiua upesi, na kijiti kilichokaa mchana kutwa ndani ya gari lililoegeshwa juani huenda kikafika maabara bila ushahidi wowote. Magamba ya ndui na ya ukurutu wa midomo, kinyume chake, huweza kubeba kirusi kilicho hai kwa miezi mingi katika hali ya ukavu, na kwa sababu hiyo anayeyabandua sharti avae glavu, maana ukurutu huo humshika na binadamu.

Sampuli hizo hupelekwa Kabete, pembezoni mwa Nairobi, iliko maabara kuu ya serikali ya maradhi ya mifugo. Mahali hapo pana historia ndefu: ndipo Daubney na Hudson walipofanyia kazi vifo vya wanakondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1931, pamoja na Garnham, wakaieleza dunia homa ya Bonde la Ufa.

Ndani ya maabara kipimo cha kale na cha gharama nafuu ni kile cha agari. Visima vidogo huchimbwa katika utando wa agari, kimoja kikatiwa sampuli, cha jirani yake seramu yenye kingamwili zinazojulikana. Zikikutana na kirusi, mstari mweupe huonekana kati yao baada ya muda usiozidi siku moja. Kipimo hiki hakihitaji mashine, lakini mnyama mwenye virusi vichache hukiponyoka.

Kipimo cha Elaiza ni hodari zaidi, nami hukistaajabia kila ninapokitazama. Ni bamba la plastiki lenye vishimo 96, na kila kishimo kimepakwa protini ya kirusi ndani yake. Mtaalamu hudondosha seramu ya mbuzi; kama ina kingamwili, zitaishika ile protini. Kisha hutiwa kingamwili nyingine, iliyofungamanishwa na kimeng'enya, ambayo nayo huitafuta protini ile ile. Ikikuta nafasi zimekwisha kushikwa, husafishwa na maji ikaondoka. Mwishowe hutiwa dawa ya rangi. Kishimo kilichokoza rangi ni cha mbuzi asiye na kingamwili, na kilichobaki hafifu ni cha mbuzi ambaye mwili wake umekwisha kukutana na kirusi. Katika kila bamba huwekwa seramu mbili za kulinganishia, moja iliyothibitishwa kuwa na kingamwili na nyingine iliyothibitishwa kuwa haina. Seramu hizo zikitoa majibu yasiyotarajiwa, bamba zima hutupwa na kazi huanza upya. Sijui kanuni nyingine ya kazi iliyo na insafu kuliko hiyo.

Hata hivyo kingamwili zina fumbo lao. Chanjo inayotumika sana barani imetokana na kirusi kilichopatikana Nigeria mwaka 1975, ambacho kimedhoofishwa, nayo humlinda mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Lakini kingamwili inazozizalisha hazitofautiani, kwa Elaiza ya kawaida, na zile za mbuzi aliyeugua akapona. Daktari aliyesahau kuuliza tarehe ya chanjo ameipa maabara swali lisilo na jawabu. Ndipo kipimo cha PCR kinapohitajika, maana hicho hukitafuta kirusi chenyewe. Chembe za urithi za kirusi, ambazo ni RNA, hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha mashine huzipasha moto na kuzipoza kwa zamu, na katika kila mzunguko nakala huongezeka maradufu, hata baada ya mizunguko 30 nakala moja huwa zaidi ya bilioni 1. Majibu hupatikana kwa saa chache. Uwezo huo huo ndio hatari yake, kwani chembe iliyohamishwa na glavu isiyobadilishwa kutoka mbuzi mgonjwa hadi mbuzi mzima nayo itaongezwa kwa mabilioni, na mzima ataandikwa mgonjwa. Kuhusu kukuza kirusi katika seli hai ndani ya chupa, kazi hiyo huchukua siku nyingi na hutaka kirusi kiwe hai, lakini ndiyo njia ya kukipata na kukihifadhi kwa uchunguzi zaidi. Wataalamu wa Pirbright, Uingereza, wamebuni pia kipimo cha ukanda kinachosomwa zizini bila mashine. Chafaa sana kwa Masinga na mahali penginepo pa mbali, mradi majibu yake yathibitishwe baadaye maabara.

Lakini vyombo vyote hivi ni bure ikiwa mwenye mbuzi ameamua kunyamaza, naye ana sababu zake. Chini ya sheria ya maradhi ya wanyama ya Kenya, Sura ya 364, sotoka ikithibitishwa karantini yaweza kutangazwa, soko likafungwa, na mbuzi aliyekusudiwa kwa karo akabaki kwenye kamba. Ukambani kumbukumbu ya serikali na mifugo ni nzito: mwaka 1938, wakati utawala wa kikoloni uliponyang'anya ng'ombe kwa madai ya kupunguza mifugo, maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kudai haki, na Muindi akapelekwa uhamishoni Lamu. Mfugaji anayeombwa damu ya mbuzi wake ana haki ya kujua inakwenda wapi na itarudi na nini, na sampuli iliyochukuliwa bila majibu kumrudia mwenyewe ni dhuluma, hata ikiwa imesaidia takwimu za taifa. Majibu yakirudi upesi, chanjo hupelekwa vijiji vya pembeni kabla kirusi hakijafika, na karantini huwa fupi.

Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, mashirika ya dunia ya kilimo na ya afya ya wanyama yaliweka azma ya kuitokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo mwaka 2030. Nchi itakayoomba kutangazwa kuwa imeepukana nayo sharti ipitishe miezi 24 bila kisa na bila chanjo, huku ikionyesha kwamba imetafuta na haikuona. Katika miezi hiyo kila mbuzi atakayekohoa Yatta au Mwala itabidi apimwe, na jawabu la maabara kwamba si sotoka litahesabiwa kuwa ushahidi, sawa na lilivyohesabiwa jawabu la ndiyo huko Turkana.