Makosa ya Usaili: Yapi Yanamkosesha Mtu Kazi?

Katika usaili wa kazi serikalini nchini Tanzania, kosa zito kuliko yote hutokea kabla msailiwa hajafungua mdomo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hurudia masharti yaleyale: kitambulisho, vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa hadi cha taaluma, na vyeti vya masomo ya nje ya nchi vilivyohakikiwa na mamlaka za elimu nchini, yaani TCU, NACTVET au NECTA. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki. Ambaye majina yake yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine anatakiwa awe na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Hapa ufasaha haumsaidii mtu. Atarudishwa mlangoni, na nauli aliyojilipia imekwenda.

Ndani ya chumba mambo hubadilika. Sauti kutetemeka, kusahau neno, tai kukaa upande: hayo ndiyo yanayowanyima watu usingizi, lakini uzito wake hutegemea namna usaili unavyoendeshwa. Pale ambapo jopo huuliza kila mtu maswali yaleyale na kila mjumbe hujaza alama kwenye fomu, hofu hupunguza alama kidogo tu, kwa sababu fomu haina safu ya jasho. Pale ambapo bosi huuliza lolote linalomjia kichwani, salamu iliyopwaya yaweza kuharibu yote yanayofuata.

Na hiyo si haki kwa msailiwa. Mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwa kipimo ambacho 1 ni ubashiri kamili wa utendaji kazini, usaili wenye utaratibu ulipata 0.42, na ule wa kuongea tu 0.19. Kwa hiyo usaili unaoadhibu zaidi makosa madogo ndio unaojua kidogo zaidi kuhusu kazi ya mtu.

Kosa lenye uzito kila mahali ni kujibu bila kujibu. Waombaji wawili wa kazi ya uhasibu wanaulizwa watafanya nini salio la daftari la fedha likitofautiana na taarifa ya benki. Mmoja anasema, “Nitashirikiana na wenzangu kwa uadilifu.” Jibu zuri la mkutano wa hadhara. Mwingine anataja hundi ambazo hazijawasilishwa benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini na fedha zilizowekwa lakini hazijaonekana kwenye akaunti, kisha anaandaa taarifa ya usuluhishi wa benki. Huyu hata akigugumiza, alama ni zake.

Kuulizia mshahara si kosa, ingawa kuanza nao huacha doa. Kukosa swali la kuuliza mwishoni hakuna madhara makubwa. “Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi” huchosha tu wasaili walioisikia tangu asubuhi. Uongo kuhusu uzoefu ni jambo jingine kabisa, maana swali la pili au la tatu huufichua, na ukifichuka baada ya kuajiriwa unaweza kumfukuzisha mtu kazi.

Serikalini, waliofaulu lakini wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata, na nafasi inayofanana ikitokea wanaweza kupangiwa kituo bila usaili mwingine. Alama chache za swali moja lililojibiwa vizuri zinaweza kufanya kazi miezi kadhaa baadaye, hata kwa aliyedhani ameanguka.