Ets haikingi nyumba yako

Wafanyabiashara wa Masisi na Walikale hawachoki kuniuliza: "Maître, duka langu ni Ets. Likifilisika, wadai si watachukua mali ya dukani tu, nyumba waiache?" Hapana. Nimeshajibu hivyo mara nyingi, leo naandika.

Kuanzia Sake hadi Mubi, kila kibao kina Ets: ya simenti, ya maharagwe, ya mafuta. Ni kifupi cha établissements, mahali pa biashara, basi. Sheria za biashara za OHADA, zinazotumika Kongo tangu 12 Septemba 2012, zinatambua kampuni za aina kama SARL, SA na SNC. Kampuni iitwayo Ets haimo.

Kwa hiyo mbele ya hakimu, duka na mwenye duka ni mtu mmoja. Umechukua simenti Goma kwa mkopo, depo ya Mubi ikaporwa: muuzaji hashtaki kibao, anakushtaki wewe kwa jina lako. Akishinda, shamba, ng'ombe, pikipiki na nyumba vinaweza kukamatwa, isipokuwa vile vichache ambavyo sheria inakataza kuvigusa.

"Lakini mimi nina RCCM, usajili wa biashara!" Vizuri, toa hiyo karatasi uisome. Namba inaanza na CD, kisha mji, RCCM, mwaka, halafu herufi. A ni mtu binafsi. B ni kampuni. Ukiona A, umesajiliwa wewe mwenyewe, hukusajili kampuni. Na wale wanaokushauri umwite mchoraji aongeze "& Fils", au mbaya zaidi "SARL", wanakutafutia kesi. Kampuni haizaliwi kwa rangi.

La kufanya ni hili. Biashara ni ndogo na huna madeni? Baki na Ets, lipa patente, tunza daftari. Unakopa mzigo mkubwa? Fungua SARL, ambayo madeni yake hayagusi nyumba yako; hata mtu mmoja anaruhusiwa. Andika statuts (kanuni za kampuni), zisajili, fungua akaunti ya kampuni, usile pesa yake kama yako. Usitie sahihi ya kudhamini deni lake, maana hapo nyumba umeirudisha mezani. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, uliza kwanza ofisi ipi inatoa karatasi zinazotambuliwa. Nawe unayekopesha Ets, dai kitambulisho cha mwenyewe na uandike jina lake kamili kwenye faktiri.

Ukibaki na Ets, deni lake ni deni lako, hadi faranga ya mwisho.