Maumivu ya shingo na sindano ya kutuliza neva

Katika makanisa yetu ya Kivu wako wamama wengi waliobeba mizigo mgongoni kwa kamba ya kipaji tangu ujana. Shingo zinawauma, na wengine wanatuuliza kuhusu sindano ya kutuliza neva inayotolewa katika hospitali kubwa. Tueleze kidogo.

Shingo ina mifupa saba. Neva, yaani mishipa ya fahamu, hupeleka habari ya maumivu toka shingoni hadi kwenye ubongo. Viungo vidogo vya nyuma ya shingo vikichakaa, habari hiyo huenda mchana na usiku. Daktari huweka dawa ya ganzi, kama lidokaini, karibu na neva ile. Pengine anaongeza steroidi ya kupunguza uvimbe. Ganzi hukaa saa chache tu, lakini zina faida: maumivu yakipungua sana, daktari anapata kujua yanatoka wapi. Kwa wengine nafuu huendelea majuma au hata miezi. Lakini kiungo kilichochakaa hakirudi kuwa kipya.

Tena tuwaonye. Shingoni mnapita mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo, na uti wa mgongo uko karibu. Ndiyo maana mtaalamu huongoza sindano hii kwa mashine ya picha. Sindano ya tako inayochomwa katika farmasi ya mtaani siyo hii. Usikubali mtu akuchome shingoni kwa kupapasa tu. Mwenye ugonjwa wa sukari, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari mbele.

Wengi hawahitaji sindano hii. Mara nyingi shingo hupata nafuu katika majuma machache kwa kupunguza mzigo na kufanya mazoezi mepesi. Lakini mikono ikilegea, miguu ikikosa nguvu, mkojo ukitoka wenyewe, au homa na kukonda vikifuatana na maumivu, nenda hospitali upesi. Kifua kikuu huweza kushika hata mifupa ya mgongo.

Luka alikuwa tabibu, naye Paulo alimwita mpendwa. Kumwombea mgonjwa na kumpeleka kwa daktari havipingani. Na kabla jamaa haijauza shamba kwa ajili ya sindano, tuanze na lililo mkononi mwetu: nani atambebea mama yule gunia lake juma hili?