Kushona Mto Unaopinda Kwenye Mfarishi

Sisi tunaoshona hapa Mkwaja tumezoea viraka vya pembe nne. Hivyo havina taabu. Taabu huanza tukitaka mfarishi, yaani lile tandiko nene, liwe na picha ya mto Pangani ukipinda-pinda mpaka baharini. Maji hayaendi kama rula.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulichukua kanga ya marehemu bibi, rangi ya bahari. Tukakata, tukakunja ukingo, tukashona. Ukajikunyata wote. Tukaukata-kata ili ulale, mkasi ukapita kiasi, kanga ikatoboka. Na kanga ile haina ya pili.

Kosa lilikuwa wapi? Utazame ukingo wa kitambaa kama unavyotazama pwani. Pana ghuba, panapoingia ndani, na pana rasi, panapotokeza nje. Kwenye ghuba upindo unaokunjwa nyuma ni mfupi, kwa hiyo unavuta. Hapo kata mikato midogo, lakini iishie nyuzi mbili tatu kabla ya mstari wa kukunjia. Kwenye rasi upindo ni mrefu mno, unajikusanya. Hapo punguza vipembe vidogo vidogo. Sisi tulikata kila mahali sawasawa, bila kutazama.

Haya, tuanze upya. Fua vitambaa kwanza, visije vikachuja rangi au kurudi baadaye. Chora mto kwenye gazeti kuukuu (hili usilikate kabla hujalisoma!). Liweke juu ya kitambaa, kata ukiacha upindo wa nusu sentimita. Kunja, piga pasi, kisha piga bandi juu ya tandiko. Ndipo ushone kwa mkono, mishono midogo. Bandi utaifumua mwisho.

Kijito chembamba ni rahisi zaidi. Kata ukanda kwa hanamu, yaani kona hadi kona, siyo kufuata nyuzi. Ukanda huo unanyumbuka, basi unapinda bila kukatwa-katwa. Shona kwanza upande wa ndani wa pindo la mto. Wa nje utaufuata ukiuvuta kidogo. Ukianza na wa nje, wa ndani utajaa mikunjo.

Ile kanga ya bibi hatukuitupa. Tumeitia kwenye mfarishi wa pili, pale mto unapokutana na bahari. Tundu tumelifunika kwa kiraka cheupe, tanga la ngalawa.