Unakwenda kubadilishwa nyonga? Anza na choo cha nyumbani

MAUMIVU ya nyonga huanza polepole. Mwanzoni mtu huyasikia asubuhi tu anapoamka, au jioni anaposhuka garini. Baadaye humfuata hadi sokoni, humzuia kuinama kuvaa viatu, na mwisho humwamsha usiku.

Kwetu huku kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac na Mabanda, nyonga ndiyo mtaji wa watu wengi. Mama anayevusha mawese na ndagala, kijana anayesukuma baiskeli yenye madumu matatu, mpagazi wa magunia pale mpakani Mugina, wote hao wanakula kwa nguvu ya kiungo hicho. Kikiharibika, biashara husimama na watoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Habari njema ni kwamba nyonga iliyokufa inaweza kubadilishwa. Lakini wagonjwa wengi hukusanya nguvu zote kwa ajili ya upasuaji wenyewe, wakasahau kuwa siku ya upasuaji ni moja tu, na siku za kupona ni nyingi. Siku hizo hazipitii hospitalini. Zinapitia nyumbani, kwenye kitanda chetu, kigoda chetu na choo chetu.

Nyonga bandia ni nini?

Nyonga imeundwa kwa vipande viwili. Kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo kama mpira mdogo, kimeingia katika kikombe kilichomo kwenye mfupa wa nyonga. Kati yao kuna gegedu laini linalozuia mifupa isisagane. Gegedu likilika kwa umri, kwa kuumia au kwa ugonjwa, mfupa hukutana na mfupa, na hapo ndipo maumivu huanza.

Hata hivyo, wazee si wagonjwa pekee. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, na hilo huwapata hata vijana, hasa wenye ugonjwa wa selimundu, wanywaji wa pombe nyingi, na wanaotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya prednisolone na dexamethasone.

Hapa wafanyabiashara wa mpakani wanapaswa kusikiliza vizuri. Vidonge hivyo huuzwa kiholela vibandani, wakati mwingine katika vifurushi vya “dawa ya mgongo” visivyo na jina. Maumivu hupungua upesi, mtu akanenepa uso na kudhani amepona, kumbe mfupa unaendelea kufa. Aliyevizoea asiviache ghafla pia, kwa kuwa hilo lina hatari yake. Avipeleke kwa daktari avione.

Katika upasuaji, kichwa kilichoharibika hukatwa, na mahali pake huwekwa kichwa cha chuma au cha kauri chenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Kikombe nacho huwekewa kingine, mara nyingi chenye plastiki ngumu ndani yake. Namna hii ya upasuaji ilianzishwa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulionyesha kuwa nyonga bandia karibu 6 kati ya 10 hudumu miaka 25.

Huku jirani, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyopo Dar es Salaam ni miongoni mwa mahali panapofanyika upasuaji huo. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Umbali huo nao ni sehemu ya matibabu, kama tutakavyoona.

Kabla ya kuondoka

Kwanza, si kila nyonga inayouma inahitaji kisu. Kupunguza uzito, mazoezi na mkongojo huweza kumsogeza mtu miaka kadhaa. Na mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande mzima, siyo upande unaouma. Wengi hukosea hapo, wakazidi kuelemea mguu mbovu.

Daktari akishaamua kuwa upasuaji ndiyo njia, mwili usafishwe maambukizi. Jino lililooza, kidonda cha mguuni, jipu, au ugonjwa wa njia ya mkojo vinaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye kifaa kipya. Kifaa kikishaingiliwa na vijidudu, mara nyingi hulazimu kupasuliwa tena. Kwa sababu hiyo hiyo, asiende mtu kuchanjwa chale kwenye nyonga ili kupakwa dawa za miti wiki chache kabla ya safari. Anaweza kufika Dar es Salaam akaambiwa arudi mpaka vidonda vipone, na nauli imekwisha.

Daktari ambiwe dawa zote, za hospitali na za kienyeji. Aspirini, diclofenac na ibuprofen huongeza kutokwa damu, na daktari ndiye atakayesema lini ziachwe. Sukari na shinikizo la damu vidhibitiwe, na mvutaji sigara aache mapema. Ndugu wawe tayari, kwani huenda wakaombwa kuchangia damu.

Aidha, mgonjwa ajizoeze magongo akiwa bado nyumbani. Mikono ambayo haikuzoea kubeba mwili hushindwa kujifunza siku ambayo mguu nao unauma.

Choo, kitanda na kigoda

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo.

Baada ya upasuaji, nyama na mishipa inayoshika nyonga huhitaji wiki kadhaa kushikana. Katika muda huo kichwa kipya kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. Madaktari wengi huwaagiza wagonjwa wao, kwa wiki 6 hadi 12, wasiinue goti kupita usawa wa nyonga, wasipandishe mguu mmoja juu ya mwingine, na wasigeuze kidole gumba kuelekea ndani. Masharti hutofautiana kufuatana na upande alikopasuliwa mtu, hivyo kila mgonjwa aulize yake.

Sasa tujiulize: mtu wa kwetu anakaa wapi? Mama hupikia kwenye mafiga, ameketi juu ya kigoda kisichofika nusu ya muundi. Wageni huketi mkekani. Na choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa ndiko hasa kunakokatazwa. Mgonjwa anaweza kupasuliwa na daktari bingwa, akavuka nchi nzima salama, kisha nyonga ikachomoka usiku wa kwanza nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Dada yangu mkubwa ni mfanyabiashara wa mawese na vitenge. Alipopata tarehe ya kupasuliwa, fundi seremala alitangulia kuitwa. Alitengeneza kiti kizito cha miguu minne, chenye tundu katikati na mikono ya kushikia pande zote mbili. Kiliwekwa juu ya shimo la choo, na miguu yake ikakaa juu ya mbao nene ili isizame kwenye udongo. Mtaani walicheka kidogo. Leo kiti hicho kimekwisha kuazimwa na nyumba mbili nyingine.

Kipimo chake ni rahisi. Pima kutoka chini hadi nyuma ya goti la mgonjwa, kisha ongeza sentimita chache. Akiketi, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kipimo hicho ndicho cha kitanda na cha kiti cha sebuleni. Kitanda kifupi huinuliwa kwa matofali yaliyopangwa imara. Kiti kiwe na mikono, kisiwe kochi la kuzama.

Njia ya kwenda chooni isawazishwe, mawe yaondolewe, kuku na mbuzi wafungwe, na taa iwepo. Mikeka inayoteleza ikunjwe. Vyombo vya jikoni vipandishwe usawa wa kiuno. Na aamuliwe mapema nani atachota maji na nani atapika, kwani asiyepangiwa kazi hupotea siku ya kazi.

Waislamu na swala wasiwe na wasiwasi. Mgonjwa anaruhusiwa kuswali akiwa ameketi juu ya kiti, hivyo hana sababu ya kulazimisha sijda kabla daktari hajamruhusu.

Baada ya kisu

Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili hivi. Wengi husimamishwa kitandani siku hiyo hiyo au kesho yake, na ndugu wasione huo ni ukatili. Kulala sana ndiko kunakoua. Damu inaweza kuganda ndani ya mguu, bonge likapanda hadi mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, na hutakiwa kupiga nyayo juu na chini kila saa. Dawa hiyo imalizwe hata kama mtu anajisikia mzima.

Kwa sababu hiyo hiyo, asikimbilie basi. Kukaa kitini saa nyingi mfululizo katika wiki za mwanzo huongeza hatari ya damu kuganda, na viti vya mabasi yetu ni vifupi. Ni afadhali kutenga fedha za kukaa kwa ndugu au nyumba ya wageni karibu na hospitali mpaka daktari aruhusu safari. Siku ya kusafiri, apate kiti cha mbele chenye nafasi ya kunyoosha mguu, kiinuliwe kwa mto mgumu, na ashuke kutembea kila gari linaposimama. Pikipiki iachwe kabisa mpaka daktari aseme.

Kwenye ngazi kuna kanuni moja: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Magongo hutumika kwa wiki 6 hivi, kwa wengine zaidi. Kazi ya kuketi dukani inaweza kuanza kati ya wiki ya 6 na ya 12. Nguvu kamili huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Dumu la lita 20 kichwani na gunia mgongoni ni habari nyingine. Wapagazi wengi watalazimika kutafuta kazi tofauti, na ni vizuri familia izungumze hilo mapema kuliko kungoja mtu ajaribu na kuanguka.

Zipo dalili za kukimbiza hospitali bila kungoja kesho: muundi kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata, homa, kidonda kutoa usaha, au maumivu ya ghafla huku mguu ukionekana mfupi na umegeuka. Huyu wa mwisho asipelekwe kwa mvuta mifupa, kwa kuwa nyonga ya chuma haivutwi kwa mikono nyumbani. Na kidonda chenye usaha kisitibiwe kwa vidonge vya dukani, maana vinaweza kuficha ugonjwa huku kifaa kikiharibika.

Karatasi zivuke mpaka pia

Mimi nilisomea katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, kwa Kiswahili, nikarejea nyumbani mwaka 2009. Sisi tuliokulia uhamishoni tunajua thamani ya karatasi. Mgonjwa wa nyonga naye aijue.

Hospitali za Tanzania huandika taarifa zake kwa Kiingereza. Zahanati zetu huandika kwa Kifaransa. Nyumbani tunasema Kirundi. Katikati ya lugha hizo tatu, sindano ya kuzuia damu kuganda inaweza kusahauliwa, au masharti ya kuketi yakaeleweka kinyume. Kabla ya kutoka wodini, msindikizaji amwombe muuguzi amweleze maagizo yote kwa Kiswahili, ayaandike kwenye daftari, kisha ayasome kwa sauti ili muuguzi asahihishe. Mrejeaji anayejua Kiswahili na Kirundi ni msindikizaji bora kuliko mwenye fedha asiyeelewa kinachosemwa.

Warudi na vitu vinne: muhtasari wa upasuaji, picha za eksirei, namba ya simu ya wodi, na kadi au stika zenye jina, saizi na namba ya nyonga iliyowekwa. Miaka 15 baadaye, daktari wa nchi nyingine akihitaji kuigusa nyonga hiyo, namba hizo zitampunguzia kubahatisha. Nakala ibaki kwa ndugu wa pili.

Vilevile, gharama iulizwe kwa maandishi. Je, bei iliyotajwa inahusisha kifaa chenyewe, dawa, vipimo na mazoezi ya viungo? Wapo waliolipa kitanda na chumba cha upasuaji, kisha wakaambiwa nyonga yenyewe ni hesabu nyingine.

Familia inapokutana kuchangishana, orodha iandikwe yote siku hiyo. Nauli ya kwenda na ya kurudi, malazi ya wiki za kungojea, dawa za nyumbani, nauli ya kurudi kliniki. Na juu kabisa ya orodha ziandikwe mbao, misumari na ujira wa seremala. Ndicho kifungu cha bei ndogo kuliko vyote, na kifanyike kabla mgonjwa hajapanda gari.