Swichi ya Taa Inayolinda Mayai kwa Siku 21

Yai la kuku huhitaji siku 21 ili litoe kifaranga. Katika muda huo, mashine ya kutotolesha vifaranga yenye feni hutakiwa kudumisha joto la takriban nyuzi 37.5 za Selsiasi. Joto likipungua kwa muda mrefu, vifaranga huchelewa na kudhoofika; likifika nyuzi 40 na kudumu, viinitete huweza kufa ndani ya ganda. Kwa familia ya Sola, wilayani Maswa katika Mkoa wa Simiyu, ambako pamba huleta fedha kwa msimu na kuku huwa akiba ya miezi mingine, kuharibika kwa trei moja ya mayai si jambo dogo. Huenda ndiyo iliyokuwa sare ya mtoto au dawa ya mgonjwa.

Siku hizi kijana aliyesoma fizikia kwa bidii anaweza kuunda mashine hiyo nyumbani. Atahitaji sanduku la mbao, balbu ya kupasha joto, feni ndogo, kipimajoto cha kielektroniki na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyokusanywa ndani ya kipande kimoja. Bodi iliyozoeleka zaidi kwa wanaoanza ni Arduino, iliyobuniwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi.

Lakini kuna swali ambalo mafundi chipukizi hulisahau: nani atakayeitumia mashine hiyo? Kijana atarudi shule ya bweni, na mashine itabaki kwa mama au bibi. Ikiwa na vitufe vinne na maandishi ya Kiingereza, mwenye nyumba ataiogopa, au ataibonyeza kwa kubahatisha. Hapo ndipo panapofaa kifaa kiitwacho enkoda yenye taa.

Kwa macho, enkoda hufanana na swichi ya kuongezea sauti ya redio. Tofauti yake ni kwamba haina mwanzo wala mwisho. Huzunguka daima, na kila hatua husikika vidoleni kama mlio mdogo wa "ka". Ndani yake mna miguso miwili inayofunga na kufunguka kwa kupishana. Mguso wa kwanza ukitangulia, maikrokontrola hujua kuwa mkono umezungusha kulia. Wa pili ukitangulia, umezungusha kushoto. Ukiisukuma kwa ndani, huwa kitufe. Mhimili wake huangaza, kwa kuwa chini yake zimewekwa taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na bluu. Kwa hiyo kishikio chake kiwe cha plastiki angavu, mwanga upate kupita.

Aina nyingi zina hatua 24 kwa mzunguko mmoja. Kila hatua ikipangiwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi, mzunguko kamili utabadilisha joto kwa nyuzi 2.4. Programu na iweke mipaka, tuseme kati ya 37 na 38, ili hata mtoto akichezea swichi usiku kucha, mayai yasiungue.

Yapo mambo manne ya kuzingatia katika kuiunganisha. Kwanza, miguso ya chuma hurukaruka kwa muda mfupi mno kabla ya kutulia, na hatua moja huweza kuhesabiwa kuwa tatu. Programu isubiri milisekunde chache kabla ya kuamini. Pili, katika aina nyingi taa zote tatu huchangia pini moja ya chanya. Hapo amri hugeuka: pini ya rangi ikishushwa hadi sifuri, taa huwaka. Kila rangi iwekewe rezista yake, ya omu 220 kwa mfano, isije ikaungua. Tatu, kitufe cha aina hizo mara nyingi huunganishwa na chanya hiyo hiyo, basi rezista ya omu 10,000 kuelekea hasi huhitajika ili kisome sawasawa.

Nne, enkoda haikumbuki mahali ilipoachwa. Umeme ukikatika, kumbukumbu ya kawaida hupotea. Kwa hiyo kiwango kilichochaguliwa kihifadhiwe katika kumbukumbu ya kudumu ya maikrokontrola. Katika Arduino Uno, kila sehemu ya kumbukumbu hiyo imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Basi iandikwe pale tu mtumiaji anapobonyeza kuthibitisha, si kwa kila hatua ya kuzungusha.

Sasa tuje kwenye taa, ambayo ndiyo roho ya jambo hili. Wengi huifanya ioneshe joto lililochaguliwa. Hilo ni kosa, kwani taa itakuwa ya kijani hata balbu ikiwa imeungua na mayai yamepoa. Rangi na itokane na kipimajoto: bluu kwa baridi, kijani kwa joto sahihi, nyekundu kwa joto la kuzidi. Kipimajoto kikikatika waya, taa isibaki kijani kamwe. Tena, wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa ajili yao nyekundu iwe ya kumetameta. Vilevile, mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Familia ikizoea kuyageuza baada ya Alfajiri, Adhuhuri na Isha, aliyegeuza atabonyeza swichi, na muda ukipita bila kubonyezwa, taa imete kwa rangi nyeupe.

Kuzungusha sahani ili kukiamuru chombo si elimu ngeni katika historia ya Waislamu. Al-Jazari, mhandisi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha ufundi, ambamo alieleza saa za maji, mashine za kupandisha maji, na kufuli la sanduku lenye sahani nne za herufi za kuzungusha.

Wazazi, jambo moja halina mjadala: upande wa balbu wenye umeme wa volti 230 aufunge fundi umeme anayejua kazi yake, na mtoto abaki upande wa volti 5. Kisha mashine iendeshwe tupu kwa siku mbili, ilinganishwe na kipimajoto kinachoaminika. Mwisho, aitwe bibi, asielezwe neno. Akiweza kusema mwenyewe kama ndani kuna baridi au joto, mayai yaingizwe. Asipoweza, kijana arudi mezani. Kazi yake haijakamilika.